Kadi Iliyozidi Kidole Kimoja

Kachibora,
Jumapili baada ya kanisa

Kwako Baba Nekesa,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta umekaa nje kwa kile kiti chenye mto, jua likiwa upande wa mgongo, na chai umeshakunywa. Mimi huku ni mzima. Mgongo unauma kidogo, lakini ni ile maumivu ya kawaida ya kuinua sufuria za shule, usianze kuwaza.

Nisalimie Kukhu, mama yetu. Mwambie nimesikia kikohozi kimepungua na nimeshukuru sana, lakini asiache kujifunga leso kifuani asubuhi, hiyo baridi ya Bungoma inadanganya. Nisalimie Nekesa, binti yetu mkubwa, ambaye kwa hii miezi yote amekuwa mikono yako na mikono yangu pia. Je, analala vya kutosha? Kwa simu sauti yake ilikuwa nzito. Nisalimie Nasimiyu wetu wa mwisho, umuulize kama meno ya mbele yameota, na kama bado anakwaruza ukoko wa ugali na kijiko ya Kukhu. Nisalimie jirani yetu Mzee Wanyonyi, najua saa hii amekaa hapo karibu na wewe akikuambia usome kwa sauti. Mwambie hii si ya kusoma kwa sauti. Na ng'ombe je? Yule mweupe amezaa ama bado ananichezea?

Sasa, Baba Nekesa, hii barua imekuja ndani ya boksi, na ndani ya hilo boksi kuna vitu vingine vya kompyuta yako. Tafadhali maliza kusoma kwanza kabla Nekesa hajashika bisibisi. Nataka nikueleze vile vitu hivi vilipatikana, kwa sababu kwa simu nilikuficha, na sijazoea kukuficha.

Nianze na ukweli. Wakati Nekesa alileta hiyo kompyuta nyumbani, ile cyber alikokuwa anafanya kazi ilipofungwa, mimi sikuipenda. Nilisema nyumba imeingiliwa. Na wewe ulipoanza kuicheza nilisema maneno mabaya jikoni, ati mzee mzima amepooza mkono na badala ya kufinya ule mpira wa daktari wa mazoezi, anacheza gemu ya malori kama mtoto. Kukhu alinisikia. Pengine wewe pia ulinisikia. Naomba unisamehe.

Kwa sababu mpira uliukataa, lakini lori hukulikataa. Nakumbuka ile siku ya kwanza Nekesa alikuwekea ile pedi ya kuchezea gemu mikononi, akachukua kidole chako cha kulia akakiweka kwa kile kitufe cha mafuta. Kidole kililala tu. Ulikitazama kama kidole cha mtu mwingine. Baada ya wiki tatu lori likasonga, na Mzee Wanyonyi akapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakaingia kuuliza nani amekufa. Tangu hapo yeye akajifanya taniboi wako wa lori. "Punguza, Baba Nekesa! Punguza, kuna kona!" Na wewe: "Nyamaza wewe, hujawahi hata kuendesha baiskeli!" Mimi nikiwa nyumbani likizo nilikuwa nawasikia nikiwa nachambua mboga, na nilikuwa nacheka peke yangu. Nyumba yetu ilikuwa imekaa muda mrefu bila wewe kumgombeza mtu.

Halafu ikaanza kuzeeka vibaya. Picha zinarukaruka, inapata joto, unaingia kona skrini inasimama, ikirudi lori liko kwa mtaro. Mwishowe ikazimika kabisa na harufu ya kuungua. Nekesa alinipigia simu. Alisema anaweza kuirekebisha akipata vitu vipya, lakini kilichonishtua si hicho. Aliniambia, "Mama, Baba amesema tuiache. Amesema hiyo mashini imezeeka kama yeye, isisumbuliwe."

Nilikuwa nakata kabichi za chakula cha mchana cha wasichana mia na kitu. Nilisimama na kisu mkononi mpaka mpishi mwenzangu akaniuliza kama nimejikata. Wiki iliyofuata Nekesa akasema kidole kimeanza kujikunja tena, na chakula unaacha nusu. Baba Nekesa, wewe ulipougua nililia mbele za watu. Lakini hilo neno la kusema usisumbuliwe liliniogopesha kuliko hospitali.

Kwa hivyo nikamwambia Nekesa anitumie kila kitu ninachotakiwa kujua, niende Kitale nikanunue. Akanitumia picha kwa simu, na nikamwambia na kipimo pia, kwa sababu mimi picha sizielewi. Akafungua lile sanduku la kompyuta, akakata kijiti cha mwanzi urefu wa ile nafasi ya ndani, akanitumia kwa konda wa matatu. Unajua mimi ndivyo nanunua viatu vya watoto tangu zamani. Mtoto hayuko sokoni, kijiti cha mguu wake kiko. Kijiti hakijawahi kuniangusha.

Nilienda Jumamosi. Nikaingia duka moja kubwa lenye vioo na taa nyingi. Kijana akaniangalia kutoka leso mpaka viatu.

"Niaje mathe, unatafuta chaja?"

"Natafuta kadi ya picha, ya kompyuta."

"Na hicho kijiti ni cha nini? Unaenda kuchapa nani?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka pia, nifanye nini? Nilimwambia ni kipimo. Akaleta kadi kwa kaunta, moja fupi imekaa kama daftari la watoto, na nyingine ndefu, nzito, feni mbili, taa nyekundu kama macho ya paka. Nikaweka kijiti kwa ile fupi: imeingia na nafasi inabaki. Nikaweka kwa ile ndefu: imepita kijiti kwa kidole kimoja.

Baba Nekesa, sasa usicheke. Mkono wangu wenyewe ulifanya. Miaka ishirini nanunua viatu kwa kijiti na kidole juu yake, kidole cha mtoto kukua. Umenicheka mara ngapi kwa sababu ya viatu vya Nasimiyu vinavyolia kwata kwata kama vya polisi? Nilipoona ile kadi imezidi kidole kimoja, moyo wangu ukasema, hii ndiyo saizi.

Nikamuuliza, "Itatosha?"

"Mathe, hiyo inatosha kila kitu. Hiyo ni moto!"

Hakuniuliza inaenda kwa kompyuta gani. Na mimi sikumuuliza kama ni lazima ninunue na vitu vingine. Zile pesa zote nilizojiwekea zikaishia kwa hiyo kadi moja, nikatoka nimeibeba kifuani kama mtoto mchanga. Nikaituma nyumbani siku hiyo hiyo.

Yaliyofuata unayajua, ulikuwa hapo. Nekesa aliisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena. Inagonga chuma mbele. Kidole kimoja, kile kile. Na mimi kwa simu nilikudanganya ati duka limekosea kunipa. Duka halikukosea. Ni mimi niliyenunulia kompyuta kiatu cha kukulia.

Nekesa aliniambia ulisema, "Rudisheni. Nilisema iachwe." Akasema uligeuza kiti ukaangalia ukuta.

Kadi ikarudi kwangu Jumatano. Jumamosi hii, yaani jana, nikaomba ruhusa tena, nikapanda kwenda Kitale. Wale wa duka la vioo wakasema boksi limeshafunguliwa, hakuna kurudisha. Nikawaomba. Nikawaambia ni ya mgonjwa. Yule kijana akasema, "Mathe, hii si duka ya dawa," lakini wakati huu hakucheka, nadhani aliona haya. Nikatoka.

Mvua ikaanza. Nikakimbilia baraza ya kibanda kimoja nyuma ya soko la nguo, nikakaa kwa ngazi nikaificha kadi chini ya sweta. Nitasema ukweli: nililia. Sikulia kwa sababu ya pesa. Nililia kwa sababu niliona nimekuthibitishia lile neno lako. Ulisema iachwe, na mimi nikaenda nikaongeza ubaya.

Mlango ukafunguka nyuma yangu. Msichana, si msichana sana, ana kama miaka thelathini, amechomeka bisibisi kwa nywele.

"Mama, ukikaa hapo utaloa na hiyo kadi italoa. Ingia."

Jina lake ni Chebet. Humo ndani kumejaa kompyuta zilizopasuliwa kama kuku, nyaya kila mahali, na hakuna taa ya rangi hata moja. Akanipa kitambaa nijifute na chai ya thermos. Nikamweleza yote, mpaka kijiti, mpaka kidole. Akainamia meza. Nikafikiri ataniona mjinga. Kumbe anazuia kicheko, bana! Kikamshinda, akacheka akaketi chini kwa kiti.

"Mama, pole, sikucheki wewe. Ni mamangu. Viatu alivyoninunulia nikianza shule vilinitosha nikiwa darasa la nne. Nilikuwa navijaza magazeti. Lakini Mama, kompyuta haikui."

Nikacheka na mimi, na machozi bado yako. Ni muda mrefu sijacheka hivyo na mtu nisiyemjua.

Kisha akawa kama daktari. Hakuangalia kadi kwanza, aliangalia zile picha Nekesa alituma. Akauliza, "Mzee anacheza gemu gani?" Nikamwambia ya malori. "Anashika pedi namna gani? Mkono gani ni mgonjwa?" Nikamwonyesha. Akaniomba nimweleze vile inavyokwama, nikamwambia vile nimesikia wewe na Mzee Wanyonyi mkilalamika: barabara inakuja vipande vipande, mara mlima hauko, mara umekugonga usoni.

Akasema, "Hiyo si kadi peke yake. Hiyo disk yake ni ya zamani, inazunguka polepole, na memori ni kidogo. Lori linafika kabla barabara haijafika."

Baba Nekesa, hapo nikaelewa kompyuta kwa mara ya kwanza. Lori linafika kabla barabara haijafika! Akaniambia hata hiyo kadi ndefu ingeingia, isingesaidia. Ingelamba umeme wote wa hilo sanduku na kulizima. Nikasema, ni kama kuweka sufuria ya bweni kwa jiko ya makaa ya mtu mmoja. Akasema, "Ehe! Mama, wewe ni fundi." Usimwambie Wanyonyi nimejisifu.

Basi akachukua ile kadi ndefu. Alisema kuna watu watakaoitaka, wenye masanduku makubwa. Badala yake akanipa kadi fupi isiyotaka umeme mwingi, memori vipande viwili, disk mpya isiyozunguka hata kidogo, feni, na dawa nyeupe kwa mrija mdogo kama dawa ya meno, ya kupakwa chini ya feni. Nikamuuliza niongeze pesa ngapi. Akasema, "Tumebadilishana, Mama. Enda nyumbani." Nikashindwa hata kusema asante vizuri. Nikamshika mikono yote miwili tu. Nimemwombea leo kanisani kwa jina, na nitaendelea.

Lakini kabla sijaondoka akasema lazima tujaribu vitu, nisirudi tena na machozi. Akavifunga kwa sanduku lingine kama lenu, akawasha. Nilihesabu pumzi, sikufika kumi, ikawa imewaka! Alikuwa na gemu ya malori, sijui kama ndiyo yako. Akaniwekea pedi mkononi.

"Endesha, Mama."

"Mimi? Sijui!"

"Hakuna polisi hapa. Endesha."

Miaka yote ile ulipokuwa unabeba mahindi kutoka huku Kitale na Moi's Bridge, nilipanda lori lako mara nyingi, lakini kiti cha dereva sijawahi kukikalia. Jana nilikikalia. Mvua inapiga kioo, zile fagio za kioo zinaenda hivi na hivi, barabara imenyooka mbele na miti pande zote, na hakuna mtu anayekuuliza umekula dawa ama hujakula. Nikajua mahali unaendaga ukikaa pale.

Halafu nikagonga ua wa boma la mtu. Chebet akasema, "Rudi nyuma, ongeza mafuta." Nikaongeza. Nikagonga ng'ombe wa yule mtu. Lakini nisikilize: baada ya dakika chache kidole changu cha kulia kilianza kuuma. Kidole kizima, Baba Nekesa, kidole kinachosonga ugali wa watoto mia. Kilichoka, nikataka kuweka ile pedi chini. Na nikakumbuka kidole chako kilichokuwa kimekufa, ambacho umekibonyeza hivyo miezi minane, saa nzima kwa siku, bila kumwambia mtu kwamba kinauma. Na mimi nilikuwa nasema unacheza.

Hukuwa unacheza. Ulikuwa unafanya kazi ngumu kuliko yangu, na ulikuwa unaifanya ili uturudie. Asante. Sijawahi kukuambia hivyo, na kwa simu ningelia. Asante, Baba Nekesa.

Sasa sikiliza maagizo, na umsimamie Nekesa. Achomoe waya ukutani kwanza. Aguse chuma cha sanduku kabla hajashika hizi vitu, Chebet amesema mwili una umeme wake. Asifungue kama kuna radi, najua mvua ya huko. Asitoe vitu kwa zile mifuko za rangi ya fedha mpaka wakati wa kuviweka, na asivifunike na sweta ya Nasimiyu, mimi nilitaka kufanya hivyo na nimekatazwa. Dawa nyeupe ni kiasi cha punje ya mchele, si ya mahindi. Kukhu akitaka kuiombea kompyuta aiombee, lakini bila kunyunyiza maji. Chai ikae mbali. Chebet amesema Nekesa akikwama ampigie simu, namba yake iko juu ya boksi, na nimeshamweleza Nekesa ni nani. Na wewe ndiwe utakayeshika tochi, kwa mkono wa kulia. Ukichoka, pumzika, halafu shika tena. Wanyonyi asiishike.

Sijui kama itawaka. Kwa Chebet iliwaka, lakini sanduku letu limepitia mengi, pengine kuna kitu kingine kimeungua ambacho hatujakiona. Nimejiambia hivyo ili nisitarajie sana, na bado natarajia sana. Isipowaka, usiseme tena neno lile la kuachwa. Jumamosi nitakuwa kwa mlango wa Chebet kabla hajafungua, na tutaanza upya. Wewe si mzigo wa kuwekwa pembeni. Mimi sijachoka. Nataka ulijue hilo kuliko mambo yote ya kompyuta.

Nisalimie pia dada yako wa Chwele akija, na mchungaji wetu, umshukuru kwa kuja kukuona, na yule mama anayetuuzia maziwa wakati yetu yanaenda kwa ndama. Nasimiyu mwambie viatu vipya nitanunua saizi yake kamili, nimeapa, ingawa kuhusu nusu kidole cha kukua sijaapa.

Konda aliyeleta boksi hili anarudi huku Jumanne asubuhi. Mpe jibu aniletee, usingoje wiki ipite, kwa sababu mimi hapa nitakuwa nachoma maharagwe ya shule kwa mawazo. Usinipigie simu, na usimpe Nekesa akuandikie. Chukua kalamu kwa mkono wa kulia. Si lazima iwe barua, wala herufi si lazima zikae kwa mstari. Niandikie neno moja tu, imewaka ama bado. Lolote utakaloandika, nitaliangalia kwanza vile limeandikwa, ndipo nilisome.

Ni mimi mke wako anayekupenda na kukushukuru,
Mama Nekesa